Alisema ni Mawese

Nikiona mtu amefunga dumu la njano nyuma ya baiskeli, natazama kifuniko kwanza. Watoto wangu wananicheka. Wanasema mama yao anakagua madumu kuliko wanajeshi wa bariyeri za barabarani. Nawaacha wacheke, maana sijawahi kuwaeleza sababu.

Sababu ni baba yangu. Alikuwa na duka la vipuri Asiatique, mtaa wa maduka katikati ya Bujumbura. Babu zake walitoka Oman, wakakaa Ujiji, kisha wakavuka ziwa na kufungua duka kwenye barabara ileile nilikozaliwa mimi. Tuliuza betri za magari, mikanda ya feni, plagi, taa, na asidi ya kutia kwenye betri. Vita vilipofunga shule nilikuwa msichana mkubwa, nikakaa nyuma ya meza ya kioo nikiuza plagi na kugombana na wateja. Nina ulimi mkali, sikatai. Baba, kwa upande wake, alikuwa mpole wa kupitiliza. Alikwenda Makka, akaitwa Hajji na mtaa mzima, na watu wakitaka kusuluhishwa walikuja kukaa kwenye benchi yake mbele ya duka. Neno lake halikupimwa. Nalisema hili mapema ili mjue aliyeanguka alianguka kutoka wapi.

Kabla ya nchi jirani kutufungia mipaka, asidi ilikuwa inafika kwa heshima zake. Ilikuja ndani ya vyombo vinene vya plastiki, kila chombo ndani ya kreti yake ya mbao, na ubavuni kuna picha ya mkono unaoungua. Hata asiyejua kusoma alielewa. Miaka ya vikwazo ilipokuja, kreti zikakoma. Baba akawa anapata asidi kwa pipa, kwa njia ambazo sikuulizia, na kuimimina ndani ya chombo chochote alichokiona. Na chombo kilichojaa Bujumbura ni dumu la njano la mafuta ya mawese. Sisi tunaliita bidoni. Kila nyumba inazo, za mafuta, za maji, za pombe kwa wenye kunywa. Kifuniko chake hakikazi vizuri, kwa hiyo kila mtu anajua kukata kipande cha sashe, ule mfuko wa plastiki, kukiweka mdomoni mwa bidoni, na kufunga juu yake. Kwa mawese inatosha, maana mawese ni mazito na hayana haraka.

Aliyetubebea mizigo alikuwa dereva wa makamo kutoka mtaa wa Buyenzi, mwenye kamioneti ya bluu, gari dogo la mizigo. Nusu ya maduka ya barabara yetu yalimtegemea. Mitaa ya mji ilikuwa imegawanyika, huku wa kabila hili, kule wa kabila lile, na dereva aliyekosea mtaa hakurudi. Yeye alikuwa Mwislamu wa Buyenzi, Mswahili tu, na vijana wa pande zote walimwona hana upande wakamfungulia njia. Ndiyo maana alibeba hata wafu. Mtu akifa mahali ambapo ndugu zake hawawezi kufika, walimwita yeye. Aliwaleta, akaenda kununua sanda, akachimba na wachimbaji, na hakudai hata mafuta ya gari. Kule msikitini watu walimsogezea nafasi akiingia.

Na alikuwa na swali lake moja. Kabla ya kupakia alikuwa anaweka kiganja juu ya mzigo na kuuliza:

"Ni kitu gani iko ndani?"

Ukimjibu, alipakia kwa jibu lako. Sabuni aliiweka mbali na unga. Vioo alivisimamisha. Petroli na asidi hakuzichanganya na kitu kingine hata ukimlilia. Zilikuwa na safari yao peke yao, bidoni zikiwa wima, zimefungwa kwa kamba, na mchanga umemwagwa chini. Lakini hakufungua na hakunusa. Mzigo ulikuwa amana, na mtu akishakuambia kilichomo, kufungua ni kumwita mwongo. Katika barabara yetu hakukuwa na tusi zaidi ya hilo. Wazungu wenye makampuni walikuwa na karatasi zao za rangi kwa ajili ya mambo haya. Sisi tulikuwa na lile swali na lile jibu, na mizigo ilifika.

Siku yenyewe nilikuwa stoo nikihesabu taa, sikusikia kitu. Niliambiwa baadaye na baba mwenyewe, kwa hiyo nayaandika kama alivyonipa.

Gereji moja ya Kamenge, mtaa wa kaskazini mwa mji, ilikuwa inangoja asidi. Watu walikuwa wameanza kurudi kule na kupiga mabati juu ya kuta zilizoungua, magari yakaanza kuonekana tena, na betri zote zilikuwa zimekufa. Asubuhi ile njia ilikuwa wazi. Kesho yake hakuna aliyejua. Kamioneti ya bluu ikasimama mbele ya duka ikiwa tayari na mchele na sabuni za watu wa Kamenge. Baba alijua kwamba akitaja asidi ataambiwa kesho, na pengine kesho njia imefungwa. Alijua pia kwamba kwenye bariyeri wanajeshi hawapendi asidi, wanauliza unataka kumchoma nani. Shingo za zile bidoni zilikuwa bado na wekundu wa mawese, hakuwa amezisafisha nje.

"Ni kitu gani iko ndani, Hajji?"

"Ni mawese."

"Aya."

Kwa kuwa ni mawese, akazilaza ubavu katikati ya magunia ili zisichukue nafasi. Ndivyo mawese yanavyosafiri, na mbebaji yeyote angefanya hivyo.

Ndani ya gari lile kulikuwa pia na kifurushi cha dereva mwenyewe; haya nilikuja kuyasikia kwake. Mama yake alikuwa mgonjwa wa muda mrefu, naye asubuhi hiyo alikuwa amepita kwenye duka la vitambaa kumnunulia sanda. Msione ni ukatili. Miaka ile watu wengi waliweka sanda ndani ya masanduku yao, kwa sababu mji ungeweza kufungwa ghafla, maduka yote milango chini, na mauti hayangojei yafunguliwe. Aliifungia kwenye karatasi ya kaki na kuisukuma chini kabisa, kati ya bidoni, ili jirani wa Buyenzi asiione na kwenda kumwambia bibi kizee kwamba mwanawe ameshamnunulia nguo ya mwisho.

Jioni alirudi dukani kutoa habari, kama kawaida yake.

"Hajji, bidoni moja imevuja kidogo. Munisamehe. Lakini sikuona mafuta ndani ya gari, sijui imemwangikia wapi."

Baba akamwambia si kitu, njia ni mbaya. Hakuongeza neno. Hapo ndipo ninaposimama kila nikikumbuka. Hofu ya bariyeri naielewa, haraka ya mfanyabiashara naielewa, tumeishi nayo. Lakini jioni ile bariyeri zilikuwa zimepitwa, asidi ilikuwa imeshapokelewa, na yule mtu alikuwa amesimama mbele yake akiomba radhi. Sentensi moja ingetosha. Angeambiwa ni asidi, angeenda moja kwa moja kwenye kile kifurushi, angeona ile kona ya karatasi iliyolowa, angeitupa sanda na kununua nyingine. Yeye aliiona kweli ile kona. Akadhani ni mvua, akaianika karatasi, akaifungia sanda sandukuni.

Yule bibi, mama yake, alikufa siku ambayo mji ulikuwa umefungwa. Mama yangu ndiye aliyekuwa akiosha maiti za wanawake, na mimi nilikuwa namfuata kumshikia birika na kafuri. Tulikwenda Buyenzi kwa miguu, barabara tupu, tukitembea karibu na kuta. Tukamwosha bibi vizuri. Alikuwa mdogo, mwepesi, na nywele zake mama alizisuka kwa upole kabisa. Tukafungua sanda. Ilikuwa nyeupe, imekunjwa vizuri, pamba nzuri ya bei. Niliona pale kwenye mikunjo alama kama za chai, nikadhani ni uchafu wa sanduku. Tukamvisha, tukamfunga, tukanyunyiza marashi, na mama akafungua mlango ili watoto wa kiume waingie wamwinue.

Yule dereva ndiye aliyeshika upande wa mabega. Akasema bismillahi, akainua, na sanda ikaachana mikononi mwake. Haikutoa hata sauti ya kupasuka. Ilifunguka tu, kutoka bega hadi nyonga, mikunjo yote kwa pamoja, na mama yake akabaki wazi mbele ya wanawe, na mbele ya wanaume waliokuwa mlangoni wakingoja jeneza.

Mama yangu alijitupa juu ya maiti kwa mwili wake. Sisi wengine tukavua vitenge na mitandio tukarusha pale. Wanaume wakageuza nyuso, lakini mtu aliyeshaona ameshaona. Yeye alikuwa amesimama na vipande vya kitambaa mikononi, akisema, "Mama, nisamehe. Mama, nisamehe," kwa sauti ndogo, bila kukoma, hadi nduguye alipomshika na kumtoa.

Maduka yalikuwa yamefungwa. Bibi alizikwa ndani ya mtandio wa kuswalia wa mama yangu, na juu yake shuka ya kitanda yenye maua mekundu, kwa sababu hakukuwa na nyingine nzima ndani ya nyumba ile.

Mimi niliokota vile vipande ili vichomwe. Ndipo nilipoviona vizuri. Kingo za matundu zilikuwa za kahawia, na ukizigusa zinakuwa unga. Nilikuwa na matundu ya namna hiyo kwenye kila blauzi niliyovaa dukani. Fundi wetu alikuwa nayo kwenye kila suruali. Nilivitia vipande ndani ya beseni na nikahisi uso wangu unawaka, ingawa sikuwa nimefanya kitu. Damu yangu ilijua kabla yangu.

Tuliporudi nyumbani sikuvua viatu. Nilimkuta baba ukumbini.

"Baba, zile bidoni za Kamenge zilikuwa za nini?"

Akanitazama. Nikamweleza kilichotokea Buyenzi, chote, hata maua ya shuka. Alikaa chini polepole, pale pale kwenye mkeka, na kofia ikaanguka hakuiokota. Kisha akanieleza yale ya bidoni niliyoyaandika hapo juu.

"Utamwambia," nikasema.

"Ntamwambia mi mwenyewe. We nyamaza. Ni haki iko kwa shingo yangu. Ikitoka kwa kinywa ya mutu mwingine itakuwa ni maneno ya mutaani tu."

Kwa hilo alikuwa sahihi, nikanyamaza. Hitima ilikuwa siku ya tatu, na aliniapia kwamba ataondoka nyumbani mapema, amkute peke yake.

Hakumkuta peke yake. Alikuta uwanja umejaa, wanaume kwenye mikeka, sisi wanawake nyuma ya pazia na sinia za maandazi. Kisomo kikaisha. Kabla ya dua, yule mtu akasimama katikati ya watu. Alikuwa amekonda kwa siku hizo chache.

"Ndugu zangu," akasema, "mi nimewabebea wafu yenu, muliniamini. Mama yangu mwenyewe nimemununulia kitambaa mbaya. Niliona karatasi imelowa, nikasema ni mvula, sikufungua. Nimemuaibisha mbele yenu. Nawaomba radhi, ninyi na yeye."

Watu wakainama. Mtu fulani akasema, "Hajji, sema neno." Wote wakamgeukia baba, maana ndiye aliyekuwa mkubwa pale na ndiye aliyezoea kusuluhisha. Mimi nyuma ya pazia nilishika sinia kwa mikono miwili. Nilisema moyoni, sasa. Mungu amemfungulia mlango, aingie.

Baba akasimama. Nikaona mkono wake unatafuta kitu cha kushika.

"Tumekusamehe," akasema. "Sisi wote tumekusamehe. Kaa, ndugu yangu."

Sijui kama mtu mwingine amewahi kumwonea haya mzazi wake kiasi hicho. Nilitamani pazia linizibe mdomo. Yule mtu akaja akambusu baba mkono, na baba akamwachia mkono abusu. Niliweka sinia chini nikatoka nje kwa mlango wa jikoni, nikatapika karibu na bomba. Wanawake wakanong'ona kwamba labda nina mimba. Waliniongezea aibu nyingine bure.

Kutoka siku ile nyumba yetu ilikuwa na ugonjwa. Baba aliacha kuuza asidi. Aliambia wateja haipatikani, na pipa likakaa stoo hadi likatoboka chini. Mizigo mingine aliendelea kumpa mtu yule, na sasa alimweleza hata asichoulizwa. "Hizi ni plagi, angalia, fungua. Hii ni taa, ni kioo, fungua uone." Mwenzake alitabasamu na kukataa kufungua. "Hajji, umeshasema." Nilikuwa nyuma ya meza ya kioo nikisikia, na nilikuwa naingia stoo ili wasinione.

Watu hawakumtukana. Watu wetu ni wapole, wanajua kuumiza bila kutukana. Mtu akifa, sanda alitumwa mwingine. "Wacha apumzike, yule amechoka." Msikitini hawakumsogezea tena nafasi kwa haraka ileile. Watoto wa Buyenzi walikuwa na mchezo wao, wakiona shuka ya maua kwenye kamba wanaimba jina la mama yake. Alisikia. Nami nilisikia siku moja nikipita, nikawakimbiza na kiatu mkononi.

Ndipo akaanza ile tabia ya kuvuta sanda. Kila msiba alikuja mapema, akaomba kitambaa kabla ya kukatwa, akatafuta mtu wa kushika upande wa pili, na kuvuta. Mkono kwa mkono, kutoka mwanzo wa kitambaa hadi mwisho, kwa nguvu, mbele ya wenye msiba. Kisha alisema, "Hii ni nzima," akakirudisha. Wengine walimwona amerukwa kidogo na akili. Wengine walianza kumngoja, hawakati sanda hadi avute. Baba misiba hiyo alihudhuria yote, na kwenye kuvuta alikuwa anatazama chini.

Mimi sikumwacha. Nilimgombeza baba yangu mwenyewe, jambo ambalo kwetu halifanywi. Nilimwambia wewe unaswalisha watu na shingo yako imefungwa. Alisema wiki hii. Zaidi ya mara moja alivaa kanzu safi, akaenda Buyenzi, na akarudi amekunywa kahawa ya tangawizi na kuongea habari za bei ya mchele. Alikuwa ananiambia mlangoni, kabla sijauliza, "Kulikuwa na watu." Nilianza kumdharau na nilikuwa nampenda vilevile, na vitu hivyo viwili havikai vizuri ndani ya mtu mmoja.

Kisukari kikamlaza. Alikuwa amelala chumba cha mbele, dirisha wazi, asikie barabara. Mchana mmoja alinishika mkono nikimbadilishia foronya.

"Mi nimeshindwa," akasema. "Nikiondoka, we umwambie."

Hasira ikanipanda hadi machoni. Mgonjwa hagombezwi, lakini mimi nilimgombeza.

"Baba, hata mzigo huu unatafuta mtu wa kukubebea?"

"Ndiyo," akasema. "Lakini we umeshajua ni kitu gani iko ndani."

Niliona anajaribu kutabasamu. Nikamwambia hatangoja kuondoka, mtu aitwe sasa hivi. Kaka yangu akatuma habari Buyenzi. Kamioneti ya bluu ilikuwa imekwenda Kamenge na mizigo, na alasiri ile risasi zikalia upande wa kaskazini, njia ikafungwa, waliokuwa kule wakalala kule. Baba alikuwa anauliza kila alipofumbua macho kama gari limefika. Alfajiri aliacha kuuliza.

Alifika asubuhi, njia ilipofunguliwa. Habari ya msiba alikutana nayo barabarani, na alikuwa amepita kwenye duka la vitambaa, kwa hiyo aliingia uani kwetu na kitambaa cheupe kwapani.

"Hii ni ya Hajji," akaniambia. "Mi mwenyewe nimenunua. Munikubalie."

Wanaume walikuwa mbele wakitandika mikeka, kaka yangu alikuwa na wachimbaji. Uani tulikuwa mimi na yeye. Akatazama huku na huku, hakuona mtu.

"Mwanangu, shika upande huu. Tuvute."

Nikashika. Tukaanza. Alivuta kwa nguvu kuliko nilivyotegemea, ikabidi niweke mguu kwenye ngazi nisianguke. Nilikuwa nimepanga kumketisha kwanza, nimpe maji, nitafute maneno mazuri. Yote yalipotea. Nilimwona anavyokagua kila mkunjo, akikaza macho, kwa ajili ya baba yangu, na nikaona nikingoja kidogo zaidi nitakuwa kama aliyelala ndani.

"Mzee," nikamwambia, "sanda ya bibi haikuwa mbovu. Siku ile ndani ya bidoni hakukuwa na mawese. Ilikuwa asidi ya dukani kwetu. Baba alijua. Amenituma nikwambie."

Mikono yake ikasimama. Kitambaa kikabaki kimekazwa kati yetu, hakukilegeza, nami niliogopa kulegeza. Alitazama mahali fulani nyuma ya kichwa changu.

"Ndiyo maana rangi ya gari ilitoka pale," akasema.

Nikasubiri matusi. Niliyataka. Nilikuwa tayari kuyapokea yote na kuyaweka mahali pake.

"Na alinisamehe," akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeuliza bei ya kitu ambacho hakuamini. "Hajji. Alinisamehe mi."

"Alikusamehe," nikasema, na hapo nikalia kwa aibu, si kwa msiba. Msiba niliulilia siku nyingine.

Kisha akashika kitambaa upya, mbele kidogo.

"Vuta," akasema.

Tukavuta hadi mwisho. Hakuna sehemu aliyoiruka. Akakikunja, akanipa mikononi. "Hii ni nzima. Mupeleke."

Baba akaoshwa, akafungwa, jeneza likatolewa uani. Sisi wanawake tulibaki ndani, mimi nikiwa nimeshika nondo za dirisha. Kaka yangu akasimama kichwani pa jeneza akasema yale ambayo mtoto wa marehemu husema.

"Ndugu zetu, kama kuna mutu iko na haki yake kwa marehemu, aseme. Sisi watoto yake tuko hapa, tunaichukua."

Kwa kawaida watu hujibu kwa dua, na jeneza likainuliwa. Nao walikuwa wameshainama kushika mipini.

"Mi niko nayo," akasema mtu wa Buyenzi.

Walioinama wakainuka. Kaka yangu, ambaye hakujua kitu, akasema, "Sema, muzee."

"Ile siku nilibeba sanda ya mama yangu, Hajji alinipa bidoni. Nilimuuliza ni kitu gani iko ndani. Alisema ni mawese. Ilikuwa asidi." Alikuwa anaongea polepole, akigeuza uso ili wa nyuma pia wasikie. "Kitambaa haikuwa mbaya. Sikununua kitambaa mbaya. Mulisikia wote?"

Baadhi ya nyuso ziligeukia dirishani kwetu. Mama yangu, aliyempa bibi yule mtandio wake, aliketi sakafuni. Mimi sikuondoka pale kwenye nondo. Nilitaka kujificha na nilitaka wanione. Nilimwonea haya baba aliyelala pale, Hajji wa mtaa mzima, asiyeweza tena kusema hata neno, na nilifurahi kwamba limesemwa, na furaha hiyo nayo ikanitia haya.

"Tumesikia," akasema mzee mmoja wa msikiti.

Kaka yangu alikuwa ameinamisha kichwa. "Basi iko juu yetu," akasema. "Muzee, umemusamehe?"

Mtu yule alilitazama jeneza kwa muda mrefu, sanda ikionekana kidogo pembeni mwa kifuniko, nyeupe na nzima.

"Leo apana," akasema.

Kisha akainama, akaweka bega lake chini ya mpini wa mbele, upande wa kichwa, akainuka.

"Twende," akawaambia. "Jua inawaka."